Taa ya Mikono

Sibiu, mji ambao mapaa yake yana macho:
vidirisha vyembamba vimesinzia juu ya vigae,
vinatazama chini, havisemi.
Nikapewa kazi ya kuuchora upya uwanja mdogo
ulio nyuma ya duka la dawa,
magari arobaini na moja, pipa moja la taka,
na chini ya lami, mawe ya mto
yasiyomkumbuka mtu yeyote aliye hai.

Nilianza kwa hesabu, kama nilivyofunzwa.
Wiki tatu na daftari, soksi mbilimbili:
nani anapita, nani anasimama, anasimama wapi.
Wengi hupita tu.
Uwanja ulikuwa mlango usio na nyumba.

Lakini Alhamisi, jua likishazama,
watu tisa, pengine kumi na mmoja, hubanana
chini ya taa ya duka la dawa,
ile nyeupe, kali, isiyo na haya,
ambayo Tume ya Urithi imeandika iondolewe.
Nilidhani wanagombana,
mikono ilivyokuwa ikikata hewa;
kisha mmoja akajipiga paja, wote wakacheka,
na kicheko cha viziwi kina sauti, tena nene.

Nikawaendea na kalamu.
Traian, fundi viatu, akaniandikia:
*Kwenu giza ni usiku. Kwetu ni kuzibwa mdomo.*
Nikauliza wangependa mabenchi ya namna gani.
Akanitazama kama aliyeulizwa
anapenda hewa ya namna gani.
Akachora duara, asilifunge. Akaacha mwanya,
na pembeni: *Wa kuingilia atakayechelewa.
Daima ni Ottilia.*

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na mabenchi yaliyonyooka,
mbao za mwaloni zikiukabili mnara,
picha ya kupendeza kweli;
humo watu wale wangekuwa foleni ya basi.
Nikaufuta. Moyo uliniuma, sifichi.

Mbele ya Tume, Bwana Schuster akavua miwani:
mji huu una karne nane, akasema,
taa zake ni za chuma, za manjano, za kiasi.
Nikamjibu kwamba mji umeona mshumaa, ukaona mafuta, ukaona gesi;
kila taa ilikuwa mgeni usiku wake wa kwanza,
na mwenyeji akapona.
Akatikisa kichwa. Nami sikujiamini sana.
Naupenda ule umanjano theluji inapodondoka;
mtu huweza kudhani hakuna anayedaiwa.

Tukavutana miezi saba.
Kilichozaliwa kina sura ya baba wawili:
taa za chuma pembezoni, kama atakavyo,
na juu ya duara nguzo moja, nyembamba kama mwanzi,
inayomwaga mwanga mweupe toka usoni hadi vidoleni,
na kuzimwa saa tano kamili.
Traian alipoiona ratiba aliandika neno moja
ambalo sikulitia kwenye ripoti.

Lami ilipobanduliwa tulikuta kisima kilichozibwa
na kijiko cha mbao, kimevunjika mpini.
Watu wa makumbusho walikichukua kwa glavu.
Mtu alikuwa amekula hapa, nikawaza, nje,
na huenda hakuwa peke yake.

Alhamisi ya kwanza walikuja kumi na wanne.
Walikaa. Magoti yalitazamana,
maneno yakavuka duara kama mpira wa watoto.
Ottilia akachelewa, akapita penye mwanya wake
kwa madaha ya bibi harusi.

Saa tano, nguzo yangu ikazima.
Mikono ikakatika katikati ya sentensi.
Ndipo mwenye duka la dawa,
ambaye hakuhudhuria mkutano hata mmoja,
akaiwasha ile yake, ambayo hakuwa ameiondoa.

Wakahama wote, wakabanana ukutani.
Duara likabaki tupu, lenye umbo zuri sana.
Nikafungua daftari kwenye theluji:
*saa tano na dakika mbili. Kumi na wanne. Wamesimama.*